Saa Tupu Nazo Huandikwa: Kujitolea Kwenye Chombo cha Utafiti wa Nyangumi na Pomboo

Novemba na Desemba 2006, meli mbili za utafiti zilipita Mto Yangtze nchini China, kati ya Yichang na Shanghai, kwenda na kurudi, zikimtafuta baiji, pomboo wa mto asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Watazamaji walisimama zamu kwa wiki sita. Baiji hakuonekana hata mmoja. Mwaka uliofuata wanasayansi waliandika kwamba mnyama huyo huenda ametoweka, na wakaaminiwa, kwa sababu zile saa zisizo na kitu zilikuwa zimeandikwa moja baada ya nyingine.

Anayetaka kujitolea kwenye chombo cha namna hii aanzie hapo. Wengi huja na picha moja kichwani: mnyama anayeruka mbele ya omo, yaani ncha ya mbele ya chombo. Hilo hutokea, na hakuna anayelizoea. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni kutazama maji yaliyo matupu, kuandika kwamba ni matupu, na kuandika pia yalitazamwaje: na watu wangapi, kutoka kimo gani, katika upepo gani, jua likiwa wapi. Nyangumi kumi walioonekana kwa saa mbili za bahari shwari si sawa na nyangumi kumi walioonekana kwa siku tano za mawimbi yenye povu. Asiyejua muda na hali ya utazamaji hawezi kusema lolote juu ya idadi hiyo.

Maandishi hayo ndiyo yanayohamisha njia za meli. Mwaka 2003 njia ya meli katika Ghuba ya Fundy, Kanada, ilisogezwa, na mwaka 2007 njia ya kuingia bandari ya Boston, Marekani, ikageuzwa kwa nyuzi 12, kwa sababu rekodi za miaka mingi zilionyesha nyangumi hukaa wapi na hawakai wapi. Kujua wasipokaa ndiko kugumu zaidi: huwezi kumwambia nahodha apite pale kama pale hapajawahi kutazamwa. Kasi nayo ina hesabu yake. Uchambuzi uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba nyangumi mkubwa akigongwa na meli iendayo noti 15, yaani maili 15 za bahari kwa saa, uwezekano wa kupata jeraha la kumuua ni kama asilimia 80. Kwa noti 8.6 hushuka hadi kama asilimia 20. Na vaquita, pomboo mdogo wa kaskazini mwa Ghuba ya California, Mexico, walikadiriwa kuwa 567 mwaka 1997 na 59 mwaka 2015. Anayewamaliza ni jarife, wavu unaotegwa kwa ajili ya samaki. Makadirio yote mawili yalianza na mtu aliyesimama kwenye sitaha na darubini.

Kuchagua chombo kunataka maswali ya wazi, kwa kuwa mara nyingi anayejitolea huchangia gharama za safari. Uliza kibali cha utafiti kimetolewa na mamlaka gani na kinaruhusu nini hasa: kukaribia wanyama, kurusha droni, kuchukua sampuli, kila kimoja kwa jina lake. Uliza mtafiti mwenyewe atakuwa ndani ya chombo au atabaki nchi kavu. Uliza data zinakwenda wapi na omba kuona ripoti zilizokwisha kutoka. Uliza boti ya mpira ya kujiokolea inabeba watu wangapi, kisha uhesabu watakaokuwa safarini. Hakikisha bima yako inalipia kutolewa baharini kwa dharura, maana bima nyingi za safari hazifiki huko. Chombo kinachoahidi kwamba utaogelea na pomboo au kuwagusa si cha utafiti, hata kiwe kimeandikwa nini ubavuni.

Sasa zamu yenyewe. Mpangilio wa kawaida ni watazamaji wawili mbele na mwandishi mmoja. Wa kulia hutazama kuanzia nyuzi 10 kushoto kwa omo hadi nyuzi 90 kulia, yaani ubavuni. Wa kushoto hufanya kinyume chake. Zile nyuzi 20 wanazopishana, 10 kila upande wa omo, zimewekwa makusudi. Hesabu yote ya idadi ya wanyama imejengwa juu ya sharti moja: kwamba walioko kwenye mstari wenyewe wa safari, mbele kabisa, hawakosi kuonekana. Pembeni unaruhusiwa kuwakosa, hesabu ina njia ya kufidia. Mbele ukiwakosa, jibu linatoka dogo kuliko ukweli na hakuna atakayejua. Kwa hiyo mtazamaji anayevutwa na pomboo walioko ubavuni, akaacha omo, anaharibu zaidi kuliko aliyesinzia kidogo pembeni.

Macho hayatakiwi kutulia mahali pamoja. Yafagie polepole kutoka omo hadi ubavuni, yarudi kwa umbali tofauti kidogo, karibu kisha mbali. Unachotafuta mara chache ni mnyama mzima. Ni mvuke unaosimama sekunde mbili tatu, ni weusi usiofuata mwendo wa wimbi, ni ndege wanaozunguka na kushuka mahali pamoja, ni sehemu ya maji iliyolainika kama imepakwa mafuta baada ya mkia kupiga chini yake. Darubini inayofaa ni ya 7x50: hukuza mara 7, na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 50 zinazoingiza mwanga wa kutosha alfajiri na jioni. Wageni huja na za kukuza mara 10 au 12 wakidhani ni bora. Kwenye chombo kinachoyumba, kila mtikisiko nao unakuzwa mara 12, na ndani ya dakika kumi kichwa kinauma.

Badilishaneni nafasi kila nusu saa, na baada ya saa moja au mbili mtu apumzike kabisa. Macho yaliyochoka hayafungi. Yanaendelea kutazama bila kuona, na mwenyewe hajui.

Hali ya bahari hupimwa kwa kipimo cha Beaufort. Sifuri ni kioo. Kwenye 3 vilele vya mawimbi vinaanza kuvunjika na mapovu meupe yanaonekana hapa na pale. Kwenye 4, upepo wa noti 11 hadi 16, mapovu ni mengi, na kila povu linafanana na pomboo. Miradi mingi husimamisha utazamaji upepo ukizidi 4 au 5, na kwa wanyama wadogo wanaoibuka bila kurusha maji hata 3 ni nyingi. Kosa tunalolisahihisha kila safari ni kupima upepo kwa shavu. Chombo kikikimbia na upepo nyuma yake kwa noti 8, upepo wa noti 14 unausikia kama noti 6, na mtu anaandika 2 huku bahari ni 4. Tazama maji, usitegemee ngozi. Na hali ikibadilika andika pale pale, usingoje nusu saa itimie. Mng'ao wa jua nao uandikwe kwa nyuzi, unapoanzia na unapoishia, kwa sababu sehemu hiyo ni kama haikutazamwa.

Mnyama akionekana, kuna mpangilio ambao lazima uingie mwilini kabla ya furaha kuingia: pembe, umbali, kisha mengine. Mwandishi anabonyeza GPS papo hapo. Jina la mnyama, idadi, watoto, mwendo, vyote vitasubiri. Pembe na umbali wa pale ulipomwona mara ya kwanza havirudi. Tatizo ni kwamba kila mtu anataka kujua ni nani kwanza. Dakika tatu zinapita, chombo kimesogea nusu kilomita, kisha mtu anakisia pembe kwa kumbukumbu.

Pembe husomwa kwenye ubao wenye duara la nyuzi uliofungwa kwenye ukingo wa sitaha, sifuri ikielekezwa sawasawa na omo. Soma nyuzi ilivyo. Binadamu hupenda 0, 5, 10, 15, na hapo ndipo hesabu inapopinda. Kinachotakiwa ni umbali wa mnyama kutoka mstari wa safari, unaopatikana kwa kuzidisha umbali wa moja kwa moja kwa sini ya pembe. Mnyama aliye mita 2,000 kwa nyuzi 30 yuko mita 1,000 kutoka mstari. Aliye mita 2,000 kwa nyuzi 7 yuko mita 244. Ukiandika 0 badala ya 7, umemhamishia kwenye mstari wenyewe, na ukifanya hivyo mara ishirini katika safari, wanyama wote watakadiriwa kuwa wengi kuliko walivyo. Kwa mnyama aliye hatarini, kosa la kuongeza idadi linaweza kuondoa ulinzi.

Umbali ni mgumu zaidi. Ndani ya darubini za kazi hii kuna vijistari. Unaweka cha juu kwenye upeo wa macho na kuhesabu vingapi vinashuka hadi kwa mnyama. Hesabu hiyo inategemea kimo cha macho yako juu ya maji. Macho yakiwa mita 5 juu, upeo uko kama kilomita 8. Yakiwa mita 10, kama kilomita 11. Kwa hiyo kila mtazamaji hupimwa kimo chake akiwa amesimama mahali pake pa zamu, na akihamia ngazi nyingine ya chombo aandike. Pakiwa na nchi kavu nyuma ya mnyama, ule mstari wa ufuko si upeo, na usomaji unapotoka. Andika hivyo kwenye fomu. Wasio na vijistari hukisia kwa macho, na makisio ya macho bila mazoezi hayafai kitu. Zoezi ni rahisi: chagua boya au chombo kingine, kila mtu aandike umbali wake kimya kimya, kisha rada itoe jibu. Fanyeni mara kumi siku ya kwanza, na mara tatu nne kila siku baada ya hapo. Utagundua kama wewe ni wa kukisia pungufu au zaidi. Wengi wana upande mmoja, na ukiujua unarekebishika.

Pomboo wana tatizo lao. Wengi hukimbilia omo kucheza kwenye wimbi linalosukumwa na chombo. Ukiwaona wakiwa tayari wamefika, umewahesabu kwenye mstari ilhali walikuwa kilomita mbili pembeni. Ndiyo maana mbali panatazamwa kwa bidii zaidi kuliko karibu, na ndiyo maana fomu ina nafasi ya kuandika walikuwa wanaelekea wapi walipoonekana mara ya kwanza. Kwenye meli zenye vituo viwili vya watazamaji, wa juu na wa chini, ni mwiko kwa kituo kimoja kukipigia kelele kingine. Kulinganisha waliyoyaona wale na waliyoyakosa hawa ndiko kunakoonyesha wangapi huwa wanakosekana. Mpishi akiona nyangumi kupitia dirisha, amwambie mwandishi kwa sauti ya chini, na huandikwa kama tukio la nje ya zamu.

Kutambua aina kwa mbali huanza na mvuke wa pumzi. Wa nyangumi buluu ni nguzo nyembamba inayoweza kufika mita 9. Wa nyangumi wa nundu ni mfupi, mpana, kama kichaka. Nyangumi wa jamii ya Eubalaena, wasio na pezi mgongoni, hutoa mvuke uliogawanyika kama herufi V ukiwatazama kwa mbele au nyuma. Physeter, yule mwenye kichwa kikubwa kama sanduku, ana tundu la pua kwenye ncha ya kichwa upande wa kushoto, na mvuke wake hulala mbele na kushoto. Hakuna mwingine wa hivyo. Balaenoptera physalus, wa pili kwa ukubwa duniani, ana taya la chini jeupe upande wa kulia na jeusi kushoto, kwa hiyo jitahidi kumwona kulia kwake. Upepo huharibu alama zote hizi. Pale usipokuwa na hakika, andika "pomboo asiyetambuliwa" au "nyangumi mkubwa asiyetambuliwa". Rekodi hiyo inatumika. Jina la kubahatisha linaingia kwenye hesabu ya aina isiyohusika na kukaa humo miaka.

Idadi ya kundi andika mara tatu: isiyopungua, isiyozidi, na ile unayoiamini. Makundi makubwa ya pomboo hukadiriwa pungufu karibu kila mara, kwa sababu wengi wao wako chini ya maji muda wowote ule. Hesabu kumi kwa makini, ona kumi wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi kwa nafasi hiyo.

Picha za utambulisho si picha za kupendeza, na hapa ndipo wapigapicha wazuri hutuangusha. Mtafiti Roger Payne alianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, Península Valdés huko Argentina, kuwatambua nyangumi mmoja mmoja kwa vigaga vya kichwani, na mtafiti mwenzake Michael Bigg akafanya vivyo hivyo kwa orka, wale pomboo wakubwa weusi na weupe, wa pwani ya magharibi ya Kanada kwa mapezi na doa la mgongoni. Tangu hapo picha imechukua nafasi ya chusa. Kila aina ina mahali pake: wa nundu ni upande wa chini wa mkia, Physeter ni ukingo wa nyuma wa mkia wenye mikato, pomboo wengi ni ukingo wa nyuma wa pezi la mgongo. Lenzi ya milimita 300 hadi 400, kasi ya kamera isipungue 1/1000 ya sekunde, na 1/1600 ni bora. Mwanga ukipungua pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, usipunguze kasi. Picha yenye chembechembe inasomeka, iliyotikisika haisomeki. Pezi lipigwe kutoka ubavuni kabisa, pande zote mbili, jua likiwa nyuma yako.

Piga kila mnyama, hata wale wasio na alama. Wengi hupiga wenye mikato mizuri tu wakidhani wanaokoa nafasi ya kadi. Lakini makadirio yanahitaji kujua sehemu gani ya kundi haina alama, na ukiwaruka umelifanya kundi lionekane dogo. Kati ya kundi na kundi piga picha ya kiganja au daftari, ili anayepanga picha jioni ajue mpaka uko wapi. Asubuhi piga picha ya kioo cha GPS inayoonyesha saa. Kamera ikiwa imechelewa dakika nne, kosa litaonekana na kusahihishwa. Usifute picha yoyote baharini.

Haidrofoni, kinasa sauti cha chini ya maji, ni sikio la chombo. Huburutwa nyuma kwa waya wa mita 100 hadi 400 ili kuikimbia kelele ya injini na propela, chombo kikienda noti 5 hadi 8. Thamani yake inaonekana kwa Physeter: huzamia dakika 40 hadi 60 na kukaa juu kama dakika 10, hivyo jicho lina dakika 10 tu za kumpata, ilhali chini hugonga takriban mara moja au mbili kwa sekunde, mlio kama wa nyundo juu ya mbao, unaosikika kilomita kadhaa. Utaratibu unaotumika sana ni kusikiliza dakika moja kila baada ya dakika 15 na kutoa alama kwa kila sauti: milio ya kugonga, miluzi ya pomboo, injini, meli za mbali, mlio wa maji. Ukisikia kimya, andika kimya. Wanyama wadogo wa jamii ya vaquita hutoa milio ya karibu kilohezi 130, mbali sana juu ya 20 ambazo ndizo mwisho wa sikio la mtu, kwa hiyo hao huachiwa kompyuta. Programu ya PAMGUARD, inayopatikana bure, ndiyo iliyozoeleka.

Vifaa hivi vinakufa kwa njia chache, zote zinazuilika. Ya kwanza ni kurudisha chombo nyuma haidrofoni ikiwa majini. Waya unaingia kwenye propela na safari imeisha. Tundika kibao kwenye mkono wa gia: IKO MAJINI. Ya pili ni kupunguza mwendo penye kina kidogo. Waya huzama chombo kinapopoa, ukakwama kwenye mwamba. Ya tatu ni kukunja waya kwa mizunguko midogo ya upande mmoja hadi nyuzi za ndani zinakatika. Ukunje mfano wa tarakimu 8, kwa mizunguko mipana. Uzito wa kuburuta ubebwe na kamba iliyofungwa kwenye chuma cha sitaha, kamwe si na plagi. Unapoutoa, mtu asisimame ndani ya mzunguko wa waya uliolala sitahani. Ukisikia mvumo mzito usiokatika, tafuta jenereta au chaja kabla ya kulaumu haidrofoni; kubadili kwenda kwenye betri mara nyingi humaliza tatizo. Kipimakina nacho hugonga kwenye rekodi. Kizimwe iwapo tu nahodha ameridhia.

Kuna kazi nyingine zinazokuja kwa bahati. Kinyesi cha nyangumi huelea muda mfupi tu, na mwenye wavu laini na chupa tayari ndiye anayekipata. Kisidharauliwe. Baada ya Septemba 11, 2001, meli zilipungua katika Ghuba ya Fundy, kelele chini ya maji ikashuka kwa desibeli 6, na homoni za msongo kwenye kinyesi cha nyangumi zikashuka nazo. Ndivyo ilivyoonekana kwamba kelele za meli huenda huwatia msongo.

Kukaribia kuna adabu yake, na inatangulia data zote. Ingia kutoka nyuma na pembeni, sambamba nao, polepole kuliko anayekwenda polepole zaidi kundini. Usiwakate mbele, usipite kati ya mama na mtoto, usigeuze mwendo ghafla. Wakianza kubadili uelekeo kila unapobadili, kukaa chini muda mrefu kuliko mwanzo, kupiga maji kwa mkia mfululizo, au kundi kukazana na kwenda kasi, wamekwisha kusema. Ondokeni hata kama picha ya upande wa kushoto haijapatikana. Miradi makini huweka kikomo cha muda kwa kila kundi na mtu mmoja wa kukitaja kwa sauti.

Mwili nao una masharti. Kulewa bahari humpata yeyote, na dawa hufanya kazi ikinywewa kabla, usiku wa kuamkia safari na tena saa moja kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika imechelewa. Plasta ya nyuma ya sikio huhitaji saa kadhaa kuanza kazi. Muulize daktari mapema, hasa mwenye presha ya macho au mjamzito, na ujaribu dawa nyumbani uone kama inakulaza. Ukiwa baharini kaa nje, katikati ya chombo, macho kwenye upeo. Kula vikavu kidogo kidogo, usiache tumbo tupu, usisome ukiwa ndani. Kwa wengi hupita baada ya siku mbili au tatu. Ukitaka kutapika, nenda upande usiopigwa na upepo, ukiwa umejifunga mkanda wa usalama, na mtu anakuona. Hili si la staha. Aliyedhoofika, ameinama ukingoni usiku peke yake, yuko karibu sana na kuanguka.

Jaketi okozi lijaribiwe siku ya kwanza: kamba ya kati ya miguu ifungwe, la sivyo jaketi litapanda juu na kukuachia kidevu majini, mtungi wa gesi ukazwe kwa mkono, kwani hulegea wenyewe. Usiku jifunge kabla mguu wa pili haujatoka mlangoni. Mtu akianguka, wa kwanza kuona apige kelele, atupe boya, kisha anyooshe kidole na asikiondoe wala asigeuze macho, hata akiitwa kusaidia kamba. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya mita moja hupotea ndani ya sekunde chache.

Fungasha kwenye begi laini linalokunjika. Miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji, yenye kamba. Kofia yenye kamba. Nguo za tabaka za kukauka haraka, hata kwenye bahari ya joto, kwa kuwa zamu ya alfajiri ni baridi. Viatu vilivyofunika vidole. Kurunzi ya kichwani yenye taa nyekundu. Penseli, si kalamu. Wino hukimbia ukilowa.

Jioni, choo kikishasafishwa na vyombo kuoshwa (kila mtu kwa zamu, na maji baridi ni ya kupimwa), fomu za siku huingizwa kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Mmoja anasoma, mwingine anaandika. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja, halifutwi, ili la zamani lisomeke. Saa zote ni za UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa tarakimu nne. Ukisema "saa tatu" kwa mdomo, mwandishi asibaki na shaka kama ni 0300 au 0900. Nakala mbili kwenye diski mbili zinazolala sehemu mbili tofauti za chombo. Wenye usingizi hutaka kujaza kesho nafasi zilizobaki wazi. Kesho yake utakuwa unabuni, kwa nia njema kabisa, na hakuna programu inayoweza kutofautisha upepo uliopimwa na upepo uliokumbukwa.

Zamu ya mwisho hufungwa kama nyingine zote, bandari ikiwa tayari inaonekana: saa, mahali, Beaufort, mng'ao kutoka nyuzi ngapi hadi ngapi, majina ya waliokuwa kwenye nafasi, na kwenye safu ya wanyama, sifuri.